Antena Inayokaza Bila Kugusa

Kinachonikera zaidi katika kuchagua vifaa vya video vya kurushia droni kwa miwani (ile unayovaa ili uone picha ya kamera ya droni) ni kwamba muuzaji hukutajia bei haraka, lakini hasemi kifaa chake kinapatana na kipi. Miwani ya analojia haipokei picha ya kamera ya kidijitali hata kama zote zinatumia masafa ya gigahezi 5.8, na mifumo ya kidijitali ya DJI, Walksnail na HDZero nayo haielewani yenyewe kwa yenyewe.

Mwezi uliopita nilinunua antena hapa Kampala, nikaifunga kwenye transmita ya picha, ikakaza vizuri kabisa. Lakini nilipofika uwanjani Mukono, picha ilijaa chenga kabla droni haijafika mita 30. Nilipoichunguza kwa karibu, niliona kuwa pande zote mbili zina tundu katikati, wala hakuna pini ya kugusana, kwa sababu transmita ilikuwa na kiunganishi cha aina ya SMA na antena ina cha RP-SMA, aina mbili zinazokazana lakini katikati hazilingani. Hiyo ni sawa na kutokuwa na antena, na transmita inayowashwa bila antena hupata joto na inaweza kuungua, na yangu iliungua. Muuzaji angeandika tu herufi hizo mbili, RP, kwenye pakiti, nisingeinunua.