Gécamines haikuuawa na uvivu wa wafanyakazi

Ikitajwa Gécamines tu, kampuni ya serikali ya Kongo (DRC) ya kuchimba shaba, lazima mtu aibuke na ile stori, eti Wabelgiji waliacha kampuni safi, Wakongo wavivu wakaila. Mi siikubali, maana ukifuata miaka haiingii akilini.

Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji, ilianzishwa 1906, reli ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, 1910, mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Rais Mobutu akaitaifisha mwanzoni mwa 1967, ndo ikaja kuwa Gécamines. Sasa kama kuitaifisha ndo kuliiua, mbona katikati ya miaka ya 80 ilikuwa bado inatoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka? Tena reli ya Benguela, ya kwenda baharini kupitia Angola, ilishakatika tangu 1975 kwa sababu ya vita ya Angola, mzigo mwingi unazungushwa hadi bandari za Afrika Kusini. Hao ndo wavivu?

Kampuni ilikamuliwa, basi. Dola ikiingia inaishia kwa wakubwa, spea haziagizwi, mashine inafunguliwa vyuma ili nyingine itembee, mpaka Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto kule Kolwezi ukaporomoka. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa hata tani 30,000 haufiki.

Na hao Wabelgiji wa zamani wasisafishwe sana. Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika waligoma wakidai mshahara, wanajeshi wakawamiminia risasi uwanja wa mpira Élisabethville. Wazee wa kule wanasema kampuni ilikuwa baba na mama, na kweli nyumba ilitoa, shule, hospitali, hata unga, mfanyakazi anapimiwa posho kulingana na mke na watoto alionao. Raha, ila fikiria siku kipimo kinakata, mtu aliyezeeka akipimiwa unga anaanzia wapi? Ikaja 2003 watu zaidi ya 10,000 wakatolewa kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ukaitwa kuondoka kwa hiari. Hiari gani wakati mtu anadai mishahara ya miezi kibao!

Leo Gécamines ni kama mwenye nyumba aliyepangisha vyumba vyote. Mgodi wa Kamoto wako Glencore ya Uswisi, mgodi wa Tenke Fungurume wako CMOC ya China, Gécamines yenyewe pale Tenke ina hisa asilimia 20 tu. Shida ya gawio, yaani mgao wa faida kwa wenye hisa, ni kwamba linategemea hesabu za mpangaji, akisema mwaka huu faida hakuna, nalipa kwanza mkopo niliopewa na kampuni mama, utamwambia nini?

Ndo maana naunga mkono Gécamines inapodai ipewe shaba yenyewe kwa kiwango cha hisa zake ikauze. Jiwe linasagwa, linalowekwa kwenye asidi ya salfa, umeme unapitishwa kwenye ule mchuzi wa shaba na shaba inaganda kwenye bamba, hiyo ndo katodi. Faida inaweza kupotelea kwenye makaratasi, ila katodi unaiweka kwenye mzani na kila mtu anaona kilo.

Ila mauzo yenyewe yakaguliwe hadharani, mikataba itoke, bei ijulikane. Enzi za Sozacom, shirika la serikali lililokuwa linauza shaba ya Gécamines, tani zilikuwepo nyingi tu na hela haikurudi mgodini.