Usinunue Gari Mchana

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye yadi moja ya magari hapa Dar na mpwa wangu. Ni muuguzi, anaishi Mlandizi, na zamu ikimwangukia ya jioni anatoka kazini usiku umeshaingia. Amejibana miaka mitatu apate gari lake. Tulikwenda kuangalia Toyota IST ya rangi ya fedha, namba D, bodi safi. Dalali, kijana mchangamfu, alifungua boneti, akawasha injini, akawasha AC, akatuonyesha kilometa. Kisha akatuzungusha mbele ya gari, kama mtu aliyejiwekea tamu ya mwisho, akawasha taa.

"Hizi nimeshawabadilishia, bosi wangu. LED hizi. Ukiwasha usiku, ni mchana."

Mpwa wangu akatabasamu. Mimi nilipandwa na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka.

Juani, saa nne asubuhi, taa zote ni nzuri. Hakuna unachoweza kukiona pale isipokuwa kwamba umeme unafika. Lakini hivyo ndivyo tunavyonunua magari nchi nzima. Injini tunaisikiliza, gia boksi tunalijaribu, fundi tunamleta alale chini ya gari aangalie bushi na shokapu, halafu kwenye taa tunauliza swali moja tu: zinawaka? Zikiwa nyeupe na kali, tunaridhika zaidi. Tumejifunza kuamini kwamba taa nyeupe ni taa nzuri, na hilo limekaa vichwani mwetu kiasi kwamba mtu anauza gari kwa sifa hiyo.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa natoka Morogoro kuja Dar na gari la rafiki yangu. Lilikuwa limewekwa balbu hizo hizo. Tulipita Mikese giza limeshashika. Mbele yangu lami ilikuwa nyeupe, inang'aa, nikajiona naona vizuri kuliko siku yoyote. Kabla ya kufika Mdaula nikaona katambuga. Sikumwona mtu, wala baiskeli, wala magunia ya mkaa yaliyopangwa juu yake hadi usawa wa paa la gari. Niliona kwanza nyayo mbili ndani ya katambuga za tairi, zinatembea pembeni ya lami, na zilikuwa karibu mno. Nilivuta usukani kulia. Mungu alisaidia, upande wa pili hapakuwa na lori. Niliposimama mbele na kuangalia nyuma, yule mzee alikuwa bado anasukuma mkaa wake, kichwa ameinamisha, wala sidhani alijua kilichompita.

Naombeni mniwie radhi kwa hesabu, lakini ni fupi. Ukiwa kwenye kilometa 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Mpaka ubongo uone, uelewe na mguu ufike kwenye breki, inapita sekunde moja na nusu hivi. Hizo ni mita 33. Breki zenyewe, lami ikiwa kavu na tairi zikiwa nzima, zinataka mita nyingine kama 35. Jumla unakaribia mita 70. Kwa hiyo taa ya dimu, ile ya mwanga wa chini, isiyokuonyesha mtu aliye mita 70 mbele yako inakuambia usiendeshe 80. Na wengi wetu, tukishaipita Chalinze, 80 hiyo tunaiona ni mwendo wa konokono.

Na taa hazilingani hata kidogo. Mwaka 2016 wenzetu wa IIHS, taasisi ya Marekani inayogharamiwa na kampuni za bima, walianza kuyapa magari alama za taa. Wakayaendesha usiku kwenye barabara ya majaribio na kupima mwanga unafika wapi, kwenye mnyooko na kwenye kona. Magari ya ukubwa wa kati yalikuwa 31. Lililopata alama ya juu lilikuwa moja: Toyota Prius v, hii tunayoijua hapa kwa jina la Prius Alpha. Dimu yake ya LED ya kiwandani ilifika mita zipatazo 118 kwenye mnyooko. BMW 3 Series yenye taa za halojeni, zile za balbu ya uzi, iliishia kama mita 39. Na kilichonigusa zaidi ni kwamba Prius v hiyo hiyo, ikiwa na taa za halojeni, ilipewa alama ya chini kabisa. Gari ni moja, jina ni moja, taa mbili tofauti. Kwa hiyo mtu asikuambie "Toyota hizi taa zake ni nzuri" akadhani amekujibu.

Sasa nirudi kwenye balbu za yule kijana, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Taa ya IST ile ilitengenezwa kwa balbu ya H4. H4 ina nyuzi mbili, mmoja wa ful na mwingine wa dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma, hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kikombe hicho kinazuia mwanga usidondokee nusu ya chini ya kioo kile cha ndani kinachourudisha mbele, maana ukidondokea huko utarudi ukielekea juu, yaani machoni kwa mtu anayekuja. Kila mkunjo wa kioo hicho umechongwa ukiamini kwamba mwanga unatoka kwenye uzi mwembamba, uliokaa mahali pale pale. Usogeze uzi milimita moja tu na mpango mzima unaharibika.

Chomoa balbu hiyo, ingiza LED ya dukani yenye vipande viwili vya mwanga vilivyobandikwa kwenye mti mnene wa alumini, kushoto na kulia. Mwanga ni mwingi, sibishi. Lakini hautoki pale unapotakiwa kutoka. Mwingine unakwenda juu kwenye matawi ya miti. Mwingine unakwenda machoni kwa dereva wa basi. Na mwingi unamwagika kwenye mita kumi za kwanza mbele ya bampa yako, na hapo ndipo palipotaka kuniponza mimi. Lami ya karibu inapong'aa sana, mboni ya jicho inajibana, na ikishajibana, giza la mbele linazidi kuwa giza. Unajiona unaona vizuri ilhali unaona karibu tu. Ndiyo maana niliona katambuga na sikumwona mtu.

Nataka nieleweke: LED sina ugomvi nayo. LED iliyozaliwa na taa yake, kutoka kiwandani, ni bora, na vipimo vya Prius Alpha vimeshaonyesha. Zenoni ya kiwandani, ile taa ya gesi, yenye jicho lake (lenzi ya mviringo inayoelekeza mwanga) nayo ni nzuri, ikiwa balasti, yaani kifaa kinachoilisha umeme, ni nzima na balbu haijachoka. Ninachokipinga ni kuingiza balbu ya aina moja ndani ya nyumba iliyojengewa balbu nyingine, kisha kumuuzia mtu kama neema.

Na anayeumia si mwenye gari peke yake. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, barabara zetu kuu hazilali. Fikiria dereva mwenye umri wa miaka 55, ambaye jicho lake likishapigwa na mwanga linachukua muda kurudi, ana abiria nyuma yake, na kila dakika anapishana na gari dogo lililowasha "dimu" inayompiga kama ful. Anapiga ful kuomba, na mwenzake naye anapiga ful kumwonyesha kwamba alikuwa kwenye dimu. Kwa sekunde kadhaa wote wawili ni vipofu, na katikati yao pembeni ya lami kuna mtu na mkaa wake. Wangapi kati yetu hatujawahi kupita hapo?

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mpwa wangu, na kwa yeyote anayenisoma huku ameshika pesa ya gari, ni huu: nenda usiku. Mwambie muuzaji utakuja saa moja na nusu. Najua yadi nyingi hufunga mapema, na najua kubeba pesa usiku si salama. Basi usibebe pesa, lipa kesho yake. Tafuta ukuta na sakafu iliyonyooka, simamisha gari mita tano kutoka ukutani, washa dimu. Tafuta mstari. Taa nzuri ya dimu inaandika mstari ukutani: chini mwanga, juu giza, chini kidogo ya kimo cha taa zenyewe. Upande wa kushoto mstari huo unapanda, kwa sababu tunaendesha kushoto na pembeni ya kushoto ndiko waliko watembea kwa miguu. Ukiona mstari uko wazi, umekutana na taa inayojua kazi yake. Ukiona ukuta mzima umepakwa mwanga kama chokaa, ondoka, hata uwe mweupe kiasi gani. Kisha funika taa moja kwa kitambaa uangalie nyingine, ubadilishe. Ukiona moja imefifia au imeinama kuliko mwenzake, uliza kwa nini.

Na kabla ya kulisogeza gari, angalia kile kitufe cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha taa, chenye namba kuanzia 0, karibu na usukani. Kipeleke mwisho, rudisha. Mstari ukutani ushuke na upande. Usiposhuka, huenda mota ya kusogeza taa imekufa, na siku utakayobeba mizigo nyuma, pua ya gari itanyanyuka na taa zako zitatazama nyota. Waliowekewa spesa, vile vipande vya kuinua gari, nyuma nao wameinamisha taa zao bila kujua, na waliowekewa mbele wameziinua, kwa sababu fundi wa spesa harekebishi taa.

Baada ya ukuta, ingia barabara yenye giza halisi. Mtu wako mmoja asimame mbele, pembeni, amevaa nguo nyeusi, na wewe uhesabu hatua kutoka pale ulipoanza kumwona.

Taa zilizopauka na kuwa za njano, hizo wala zisikutishe. Ni plastiki iliyochomwa na jua, fundi anazisugua kwa msasa wa maji na kuzing'arisha. Asipoziwekea koti jipya la kuzuia jua zitarudi njano baada ya miezi michache, kwa hiyo ulizia koti. Tumia njano hiyo kushusha bei. Kinachonitia shaka zaidi ni gari la zamani lenye taa moja inayong'aa kama mpya na nyingine iliyochoka. Inama usome maandishi kwenye kioo. Kushoto kukiwa na Koito au Stanley au Ichikoh, watengenezaji wa taa wa Kijapani, na kulia hakuna jina lolote, taa ya kulia imeshabadilishwa, na huenda gari hilo limewahi kugongwa kulia, haijalishi umeambiwa nini.

Trafiki naye siku ya ukaguzi anasema: washa, dimu, ful, indiketa, pita. Mchana. Hilo nalo linahitaji makala yake.

Na ndugu zetu mnaochukua magari bandarini Dar kwenda Lubumbashi, Bujumbura au Kigali, mnaendesha kulia. Taa ya Kijapani inanyanyua mwanga kushoto, na kushoto kwenu ndiko anakotoka mwenzio. Tafuta mshale mdogo kwenye kioo cha taa. Ukiwa na ncha mbili, taa hiyo imetengenezwa kugeuzwa, muone fundi aigeuze. Ukiwa na ncha moja, ni ya kushoto tu, weka kwenye hesabu zako gharama ya taa nyingine.

Tulivyomalizana pale yadi ni hivi. Nilimuomba kijana turudi usiku. Alikubali, tena kwa heshima, akatusubiri hadi saa mbili kasoro. Tulipowasha mbele ya ukuta wa godauni, mwanga ulijaa mpaka kwenye bati la paa. Mpwa wangu alisimama kimya, kisha akasema, "Mjomba, mstari uko wapi?" Nilimuuliza kijana kama bado anazo balbu za mwanzo. Alisema alizitupa. Nikamwambia jozi ya H4 ni bei ndogo sana, aziweke, nasi tutarudi hata kesho na pesa. Akasema hawezi, wateja wengine wanataka hizi hizi.

Mpwa wangu bado anapanda daladala. Jana jioni nilipita pale yadi. IST ile imeshaondoka.