Baiskeli Zinakaa Nyuma Kule

Jumamosi iliyopita nilituma picha moja kwenye grupu la familia. Picha yenyewe haina maajabu: watu wanne, baiskeli nne zimeegemezwa kwenye uzio wa mbao, nyuma yetu bahari. Ilikuwa saa tatu na nusu usiku na jua bado linawaka, nikadhani hilo ndilo watakalolishangaa. Jua hakuna aliyeliona. Binamu yangu wa Gungu, kwetu Kigoma, ndiye aliyefungua mjadala: "Duh, kaka, kumbe na huko ni baiskeli?" Mwingine akaweka kile kikatuni cha machozi. Mjomba, ambaye kwenye lile grupu huwa haandiki kitu zaidi ya "Amina", safari hii akaandika: "Pole mwanangu, Mungu atafungua njia." Asubuhi yake shangazi akapiga simu kabisa, sauti ya chini kama mtu aliyekuja kuona mgonjwa: "Baba, kama mambo yamekuwa magumu si urudi tu. Shamba la Kasulu lipo."

Nina miaka kumi na moja Uholanzi. Nimepita vipindi vya shida kweli kweli huku na hakuna aliyeniombea. Nimekuja kuombewa siku niliyofurahi.

Hebu niwaeleze ile jioni. Scheveningen (msijaribu kulitamka, mtaumia koo) ndio ufukwe wa mji wa Den Haag. Baridi ikianza kuisha, wenye baa wanakuja na mbao zao, wanajenga juu ya mchanga baa moja baada ya nyingine, pembezoni mwa maji. Miezi ya baridi ikikaribia wanazibomoa, wanaondoka nazo, ufukwe unabaki mtupu. Sisi huanzia bandarini, tunakula samaki mbichi na kitunguu. Ndiyo, mbichi. Kwa hilo sibishani na mtu aliyekula mgebuka wa kuchoma Kibirizi, tumewashinda, tuendelee. Kisha tunapanda baiskeli na kuufuata ufukwe, kiwanja hadi kiwanja, yaani baa hadi baa, kuelekea kwenye gati lenye lile gurudumu kubwa linalozungusha watu juu ya maji.

Tuko wanne. Mmoja ni Mholanzi, daktari wa meno. Wa pili ni mama mwenye asili ya Suriname, anafundisha hesabu sekondari. Wa tatu ni Mkongo wa Kalemie, fundi umeme, na huyo ni ndugu yangu hata kama hatujachangia tone la damu, maana tumekua tukitazama ziwa moja, Tanganyika, kutoka pande mbili. Yeye anasema jua huchomoza ziwani. Mimi nasema jua huzama ziwani. Tumebishana hilo miaka mingi na wote tuna haki. Scheveningen jua linazama majini, kwa hiyo nikiwa pale ninamwambia: umeona, hapa ni Kigoma.

Najua wapo watakaosema tunalewa kisha tunaendesha. Hapana. Sheria ya huku inamhesabu mwenye baiskeli kuwa dereva: kilevi kikizidi nusu gramu kwa lita ya damu una kosa, hata kama chombo chako injini yake ni mapaja yako. Kwa hiyo utaratibu wetu unajulikana. Bilauri ndogo, ya robo lita, siyo chupa yetu ile ya nusu lita. Viwanja vitatu, basi. Cha tatu wengi tunaagiza ile bia isiyo na kilevi. Na mtu akijiona amezidisha, anashuka, anakokota, na sisi wote tunashuka tunakokota naye. Watu wazima wanne wanakokota baiskeli saa tano usiku, wanaimba nyimbo ambazo kila mmoja anajua robo yake.

Sasa huyo daktari wa meno. Gari analo, zuri, liko nyumbani kwake limelala. Baiskeli yake cheni ina kutu na kiti kimefungwa mfuko wa plastiki. Tunafika nayo baa na hakuna mtu, narudia, hakuna mtu, anayemwangalia mara mbili. Mark Rutte alikuwa waziri mkuu wa nchi hii tangu 2010 hadi 2024, na alikuwa akienda kazini kwa baiskeli kama karani. Nchi ina watu milioni 18 na baiskeli zaidi ya milioni 20. Baiskeli huku haisemi lolote juu ya mwenye nayo. Kwetu inasema kila kitu, tena kabla hujafungua mdomo.

Hapo ndipo ninaposikia minong'ono. "Huyu juzi tu katoka hapa na treni ya daraja la tatu, siku mbili njiani amekumbatia kikapu cha dagaa, leo anatufundisha maisha." Sawa. Kikapu kilikuwa cha dagaa na cha mawese pia, nyongezeni. Sijasema Wazungu wana akili. Wana mambo yao ya ajabu mengi tu. Tukimaliza kunywa, bili inagawanywa mpaka senti, na Jumatatu unadaiwa kwenye simu euro tatu na nusu na mtu aliyekukumbatia Jumamosi. Baiskeli yangu imeibiwa mara mbili. Mlango wa jirani yangu nimeugonga mara moja tu kwa miaka sita, na ilikuwa kwa sababu ya maji kuvuja. Kwa hayo Kigoma iko juu, wala hatujafikia hata kulinganisha. Mimi naongelea baiskeli.

"Kigoma ni milima." Hiyo ndiyo hoja ya kwanza siku zote, na mwenye kuitoa huwa amekaa ndani ya gari. Kweli, kutoka stesheni mpaka Mwanga mapafu yanatoka nje. Lakini baba yangu alikuwa anatoka Simbo na baiskeli yake, Phoenix nyeusi, madumu matatu ya mawese ya lita ishirini ishirini, mawili ubavuni na moja juu ya keria, na anafika soko la Mwanga kabla jua halijawa kali. Penye mwinuko anashuka anasukuma. Mlima haukumkataza. Sisi tunaobeba simu na funguo tu ndio mlima unatukataza.

"Huko wamejengewa njia zao." Kweli, tena nyekundu, na ukitembea juu yake kwa miguu unapigiwa kengele mpaka ujute. Lakini hawakuzaliwa nazo. Waliponunua magari, nao walizitupa baiskeli na kubomoa mitaa ili magari yapite. Mwaka 1971 peke yake barabara za nchi hii ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani, wakazilaza baiskeli zao chini, wakasema basi. Njia zikaja baadaye. Lakini barabara sitaki kuziingia, hizo mnazijua wenyewe na mnajua zinajengwa mwaka gani wa kila miaka mitano. Ninachosema mimi hakihitaji lami wala bajeti.

Desemba ya mwaka juzi nilikuja likizo. Nikawaambia rafiki zangu wa shule: jamani, tuazime baiskeli, tuteremke kutoka Mwanga mpaka mjini, tupite stesheni, tumalizie Kibirizi na migebuka. Wote mnawajua watu wa aina hii, kila mtaa unao. Mmoja akacheka akadhani ni utani. Wa pili, ambaye ni mtumishi na ana kitambi chake cha heshima, akasema taratibu: "Unataka watu waseme tumefilisika?" Mwisho wake, mmoja alikuja na Prado, wawili wakapanda bodaboda moja, mimi nikaazima baiskeli kwa fundi wa pale mtaani. Kuteremka ule mteremko na upepo wa ziwa usoni, breki zinalia kama mbuzi, watoto wanapiga kelele... Nisiwadanganye, hata Scheveningen hakuna kitu kama hicho. Uholanzi ni tambarare kama sinia, hawajui mteremko ni nini.

Nikafika baa ya kwanza, jina siitaji. Nikawa naiegemeza baiskeli ukutani, mbele, karibu na Prado. Mlinzi akaja mbio: "We baba, baiskeli zinakaa nyuma kule." Nyuma kule ni kwenye majalala na makreti matupu, walipoacha za kwao wauza samaki. Nikaipeleka. Nilikuwa bado sijakaa, rafiki yangu mwenye Prado akamwita yule mlinzi, akamwambia, "Unamjua huyu? Huyu katoka Ulaya." Kijana akaniangalia juu mpaka chini. Akaenda nyuma mwenyewe, akairudisha baiskeli, akaiweka mbele palepale, akaifuta kiti kwa mkono wa shati. "Samahani bosi, sikujua."

Baiskeli ni ileile. Dakika tano hazijapita. Tena ya fundi, si yangu, na ilikuwa na kiraka cha mpira kwenye pedeli. Za wauza samaki zilibaki kulekule kwenye makreti.

Mtaniuliza, ukafanyaje? Nikamwambia arudishe nyuma kama zingine? Hapana. Nilikaa. Mhudumu akauliza ya moto au ya baridi, nikasema baridi, na niwe mkweli, lile neno "bosi" liliteremka vizuri pamoja na bia. Kwa hiyo msije na hoja kwamba najiona bora. Najijua.

Tena najijua tangu zamani. Nilipokuwa kidato cha pili baba alinipakia kwenye ile keria kila Jumatatu, akishateremsha mawese. Shati langu lilikuwa na doa jekundu mgongoni ambalo sabuni haikuliweza. Siku moja nikamwambia anishushe kwenye mwembe, hatua kama mia mbili kabla ya geti, nikasingizia ninataka kunyoosha miguu. Akanishusha. Hakuuliza kitu. Jumatatu iliyofuata alipofika kwenye mwembe akasimama mwenyewe, akaweka mguu chini, akasubiri nishuke. Na nyingine, na nyingine, mpaka nikamaliza kidato cha nne. Ada yangu yote ilikuwa juu ya magurudumu mawili yale, na mimi nilikuwa sitaki yaonekane.

Ndiyo maana yale machozi ya kwenye grupu yamenikera kuliko inavyostahili. Aliyeyaweka, baba yake alikuwa anauza mkaa. Mnajua mkaa ulikuwa unafika mjini kwa usafiri gani.

Halafu sisi watu wa Kigoma si kwamba hatupendi vitu vya zamani. Akija mgeni, kitu cha kwanza tunamwonyesha meli ya Liemba. Tunamsimulia kwa kifua mbele: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa hapahapa kwetu, ikazamishwa kwenye vita, ikaibuliwa, ikatembea tena ziwani. Kuukuu ya zaidi ya miaka mia, na fahari juu. Phoenix ya mzee, iliyobeba ukoo mzima, iko nyuma ya choo inaota kutu, kuku wanataga kwenye kikapu chake.

Turudi Kibirizi. Viwanja tulivyovipita usiku ule vilikuwa vitano, na chupa mnajua zinavyopangwa mezani kwetu, mtu akitoa ofa huwezi kukataa bila kuonekana una dharau. Ofa yetu ni tamu, na ndiyo inayotumaliza. Saa sita kasoro mwenye Prado akaondoka nayo, mwenyewe anaendesha. Wawili wakapanda bodaboda, mshikaki, na dereva naye alikuwa amekaa meza ya pili tangu magharibi. Mimi nikaambiwa niiache baiskeli, nipande, nisiwaaibishe. Nikakataa. Nikaanza kuikokota kupanda Mwanga, nimelewa vizuri tu, lakini miguu iko chini.

Katikati ya mlima nikamkuta mzee anasukuma magunia mawili ya mkaa peke yake gizani. Nikaiegemeza ya kwangu, nikashika nyuma ya gunia, tukapanda mpaka penye taa, nikarudi kuifuata yangu nikaikuta salama. Hakuniuliza natoka wapi. Alisema tu, "Unanuka pombe, lakini una nguvu." Rafiki zangu walifika salama usiku ule. Kila mtu anayesoma hapa anamjua ambaye hakufika.

Shangazi alipiga tena jana. Alitaka kujua kama ile hali imetengemaa. Nikamweleza yote, daktari wa meno, waziri mkuu, njia nyekundu, kwamba gari ningetaka ningenunua, kwamba baiskeli ni hiari yangu na ninaifurahia. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sawa baba, nimekuelewa," akasema. "Sasa hiyo baiskeli yako ina keria?"

Nikamwambia haina, ilivunjika, sijaihitaji.

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa baiskeli isiyo na keria ya nini?"