Kichungu, Kwa Hiyo Kinatibu?

Ile video imenifikia tena, na kila anayenitumia anaongeza "wewe mwenye tumbo la shida, ona hii." Kijana mwenye meno meupe ameshika kichupa cha kahawia, anadondosha matone ya mimea michungu ulimini, anakunja uso, anavuta pumzi, halafu anatabasamu: ukiusikia uchungu huo, jua nyongo inatiririka, chakula kinameng'enywa, ini linaamka. Ini linaamka! Kwani lilikuwa limelala? Mtu ambaye ini lake limelala haangalii video, yuko wodini.

Nieleweke mapema, maana najua nitakavyoshambuliwa. Vichungu mimi ni mlaji. Kahawa nakunywa bila sukari, balungi nalila pamoja na ule utando mweupe ambao wengine wanauchambua na kuutupa, na karela ikibaki mezani naimaliza mwenyewe. Ninachogombana nacho ni hii hesabu ya ajabu: kichungu, kwa hiyo kinatibu, kichungu zaidi, kwa hiyo kinatibu zaidi.

Kuna ukweli ndani yake, sikatai. Mwili huanza kujiandaa kabla tonge halijafika tumboni. Ivan Pavlov, mwanasayansi Mrusi, yule wa mbwa na mate, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, na sehemu ya kazi hiyo ilionyesha kwamba tumbo huanza kutoa maji yake mnyama anapokionja tu chakula. Jaribu mwenyewe kwa jani chungu. Mwanzoni linaonekana halina kitu. Unatafuna, unatafuna, halafu uchungu unapanda kutoka nyuma ya ulimi, karibu na koo, na hata ukishameza unabaki palepale huku mate yakijaa pembeni mwa mashavu. Sawa. Lakini limau likikatwa mbele yako mate si yanajaa pia? Kitunguu kikikaangwa je? Mwili unakipokea chakula, na chakula kina mlango zaidi ya mmoja wa kubishia hodi. Na hiyo nyongo inayotajwa kwenye video kila baada ya sekunde tano, kinachoifungulia hasa ni mafuta na protini vikifika mwanzo wa utumbo mwembamba: utumbo unatoa homoni, mfuko wa nyongo unajikamua. Kijiko cha mafuta juu ya saladi kinatosha kuifanya kazi hiyo, na hakina tangazo.

Sasa tuje kwenye kinachonitia hasira kweli.

Binadamu ana aina kama 25 za vipokezi vya uchungu, yaani vihisi vidogo vya kuutambua. Kwa utamu, kipokezi kikuu ni kimoja. Jiulize kwa nini uchungu umewekewa walinzi wengi kiasi hicho. Mimea haikuutengeneza uchungu kwa kuhurumia mmeng'enyo wetu. Iliutengeneza ili isiliwe. Strikinini, sumu kali, ni chungu. Lozi chungu zina amigdalini, ambayo zikitafunwa huzalisha sumu ya sayanidi. Mtoto anayetema kitu kichungu hana utovu wa adabu, anatumia kifaa alichozaliwa nacho. Halafu anakuja mtu na kichupa kutufundisha kwamba kengele ikilia, ndiyo dalili tuko salama!

Mwaka 2015 huko Ujerumani mzee mmoja alikufa baada ya kula mumunye wa bustanini uliokuwa mchungu. Mumunye tu, mboga ya kawaida. Mimea ya ukoo huo, yaani matango, maboga, mamumunye, huweza kuwa na sumu iitwayo kukabitasini, na zile tunazokula zimechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili zisiwe nayo. Ila mbegu ikichanganyika na ya mwituni au ya mapambo, sumu inarudi, na kuipika hakuiondoi. Utaniuliza: mbona karela ni ya ukoo huohuo na umesema unaila? Karela imezoeleka kuwa chungu, na uchungu wake watu wanaujua tangu zamani. Mumunye mchungu ni jambo lililoharibika. Ukitia kijiko mdomoni na mchuzi wa mumunye ukawa mchungu kama dawa, usianze kuwaza ini. Tema, mwaga sufuria yote.

Wapo watakaoniambia sayansi imeshathibitisha. Imethibitisha nini hasa? Ni kweli vipokezi vya uchungu havipo ulimini tu, vipo hadi tumboni na kwenye utumbo, na hilo linasisimua, nakubali shingo upande. Lakini watafiti wa Ubelgiji walipopitisha denatoniumu, kitu kichungu kupita maelezo, moja kwa moja kwenye matumbo ya wanawake wenye afya, mwendo wa tumbo ulipungua na njaa ikapungua. Ulipungua, sio uliongezeka. Mwaka 2017 wengine wa Vienna walionyesha kwamba kafeini ikifika tumboni huchochea tindikali kupitia vipokezi vya uchungu, ila ikionjwa mdomoni na kutemwa, tindikali inachelewa. Yaani kitu kinategemea kimegusa wapi, kwa kiasi gani, kwa nani. Kwenye video hayo yote yamekuwa "kinasafisha mfumo mzima." Na mwenye kiungulia, ambaye tindikali ndiyo inayomuunguza, ndiye anayeambiwa adondoshe matone zaidi.

(Vidonge vya uchungu, vya kumeza bila kuonja, sitavizungumzia. Mtu anakuuzia ladha, kisha anakuuzia ganda la kukukinga nayo.)

Kinachonichekesha ni kwamba uchungu huu tuliunyang'anywa kwanza. Miaka ya 1990 watafiti wa Uholanzi walizitambua kemikali zinazofanya zile kabichi ndogo za Brussels ziwe chungu, na wazalishaji wa mbegu wakazichanganya na aina za zamani zilizokuwa na kemikali hizo kwa uchache. Juisi ya balungi viwandani huweza kupitishwa kwenye mitambo ya kuupunguza uchungu. Mboga imepozwa, tunda limepozwa, halafu kilekile kilichotolewa kinarudi kwenye kichupa cha matone, na tunashukuru.

Kwa hiyo kula vichungu. Kula kama chakula, sahani ikiwa mbele yako, kwa sababu majani machungu yana nyuzinyuzi na tumbo linazihitaji kuliko linavyohitaji mahubiri. Tena chakula kichungu hakiliwi kwa pupa, na hilo peke yake limesaidia matumbo mengi. Kama uchungu unakushinda, acha sukari, chukua chumvi: sodiamu huuzima uchungu ulimini, ndiyo maana chembe chache juu ya balungi hulifanya lionekane tamu. Ila unayemeza dawa za kushusha kolesteroli au za presha, muulize kwanza mfamasia kuhusu hilo balungi. Linazuia kimeng'enya kinachovunja baadhi ya dawa hizo, na dawa inazidi mwilini bila wewe kuongeza kidonge. Na mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo asicheze na chochote kinachodai kuukamua.

La mwisho nalisema bila utani. Nina mjomba aliyekunywa machungu ya kila aina kwa ajili ya tumbo lililokuwa likimuuma usiku, na kila mtu akimsifu kwa uvumilivu. Alipopimwa, akakutwa na vidonda vya tumbo na bakteria wa *Helicobacter pylori*. Ndio walewale ambao daktari Barry Marshall wa Australia aliwanywa mwenyewe mwaka 1984 ili kuwashawishi madaktari wenzake, na ambao yeye na Robin Warren walipata Nobel mwaka 2005 kwa kuwagundua. Mjomba akapewa antibayotiki na dawa ya kupunguza tindikali, akamaliza dozi, akapimwa tena. Kama choo chako kimekuwa cheusi kama lami, kama unapungua uzito bila kukusudia, kama chakula kinakwama kooni, nenda hospitali leo.