Kundi la Gurudumu

Taasisi niliyokuwa nikiifanyia kazi ilikuwa na seva 23 za Linux, na akaunti za watumiaji wote zilihifadhiwa katika saraka moja kuu, hivyo mtumishi mpya aliandikwa mara moja tu na kutambuliwa na mashine zote. Utaratibu huo ulikuwa na kheri yake na shari yake, kwa maana kila aliyelijua nenosiri la root, akaunti yenye mamlaka yote juu ya mashine, na walilijua wengi kuliko ilivyopasa, aliweza kuandika su, amri ya kubadili akaunti, kwenye seva yoyote na papo hapo akawa mwenye nyumba. Nikaazimia kukomesha.

Njia yenyewe ni ya mstari mmoja: katika faili la /etc/pam.d/su unaongeza pam_wheel, kijiprogramu cha kukagua makundi, na tangu hapo su huwakubali tu walio katika kundi liitwalo wheel, yaani gurudumu. Jina hilo limetokana na msemo wa Kiingereza wa mitaani unaomwita mwenye madaraka "gurudumu kubwa". Kwetu mtu huyo ni kigogo, na laiti ningalilikumbuka hilo mapema. Kwa kupenda Kiswahili sanifu, niliwatumia watumishi wote barua pepe isemayo: "Kuanzia Jumatatu, ni kundi la gurudumu pekee litakaloruhusiwa kubadili akaunti."

Kabla ya saa nne asubuhi mhasibu alikuwa amekwisha kufika ofisini kwangu, akitaka kujua ni nani aliyenipa mamlaka ya kuwazuia watu kubadili akaunti za benki zinazopokea mishahara yao. Nyuma yake alisimama dereva mkuu, mzee mwenye heshima zake, akiwa na orodha ya madereva wanane na fundi wa pancha mmoja.

"Mhandisi," akasema, "watu wa gurudumu ndio sisi. Tumekuja kuandikishwa."

Nilimweleza kwa adabu zote, naye akaondoka akiitazama orodha yake kama mtu aliyedhulumiwa.

Jumatatu ilipofika niliunda kundi la wheel katika saraka kuu, nikalipa namba 5010, nikaingiza humo majina ya wasimamizi watatu pamoja na akaunti inayotumiwa na Ansible, programu ya kuziamuru seva nyingi kwa mpigo, kisha nikaiamuru Ansible iusambaze ule mstari kwenye mashine zote. Nikamwomba kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo, ambaye hakuwamo kundini, ajaribu su. Akakataliwa. Akajaribu kwenye mashine nyingine, akakataliwa tena. Kwa furaha nilimpa mkono, nikalifunga dirisha pekee nililokuwa nimeingia kama root, nikaenda kunywa chai kwa maandazi mawili. Kumjaribu mtu aliyeruhusiwa hakukunipitia akilini.

Niliporudi, nikaandika su na nenosiri sahihi, nikakataliwa. Nikaandika polepole, herufi moja moja, kama ninayemwandikia mtoto, na jibu likawa lile lile. Wenzangu wawili nao wakakataliwa. Kumbe kila mashine ilikuwa na kundi lake la wheel katika faili la /etc/group, namba 10, lisilo na mtu hata mmoja. Na kwa kuwa mashine zetu zilielekezwa kuuliza faili la ndani kwanza ndipo saraka kuu, zilipata jibu mlangoni na hazikuhangaika kuendelea. Namba 5010 hazikuwa na habari nayo. Jaribio langu lilikuwa limefaulu kwa sababu nilikuwa nimewafungia walimwengu wote.

Ansible nayo haikufaa kitu, kwani iliingia kwa akaunti ya kawaida kisha ikapanda kuwa root kwa su hiyo hiyo. Sudo, amri nyingine ya kupata mamlaka ya root, hatukuwa nayo. Mlango wa root kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, nilikuwa nimeuziba mwenyewe mwezi uliotangulia, na nikapongezwa kikaoni.

Ilibaki njia ya miguu: kuingia kama root kwenye mashine yenyewe, ambako su haihusiki. Chumba cha seva kilikuwa na skrini moja ya kizamani, nzito kama jiwe la kusagia, na ilinibidi niihamishe kutoka kabati hadi kabati. Waliojitokeza kunisaidia ni madereva, wakiongozwa na mzee wao, na kila skrini ilipotua alinikumbusha kwamba orodha bado anayo mfukoni.

Saa mbili usiku tulimaliza mashine ya 23. Ili majina yasigongane tena, niliunda kundi jipya katika saraka kuu na kuielekeza pam_wheel kwalo. Na kwa kuwa sasa nilikuwa nimejifunza kutafsiri, nikaliita vigogo, nikawatangazia watumishi.

Asubuhi yake simu ya kwanza ilitoka kwa mkurugenzi, akiuliza kwa nini jina lake halimo.