Nyenzo za walimu zinahitaji anwani ya kudumu

Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, wazo la kuweka nyenzo za mafunzo ya walimu kazini kwenye tovuti hupokewa kwa mashaka, na mashaka hayo yana msingi. Mwalimu wa Matamba wilayani Makete, au wa vijiji vya Ludewa vinavyoteremka kuelekea Ziwa Nyasa, hununua bando kwa fedha yake na huenda akalazimika kupanda kilima ili apate mtandao. Tena, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, yanategemea jumuiya za ujifunzaji: walimu hukaa pamoja shuleni au katika kituo cha walimu, wakaitazama mada iliyowashinda na kushauriana namna ya kuifundisha. Mashauriano ya aina hiyo hayapakuliwi, na mradi wowote unaodhani tovuti itachukua nafasi yake unastahili kukataliwa.

Hata hivyo, pingamizi ninayoisikia mara nyingi zaidi ni nyingine, kwamba kundi la WhatsApp linatosha. Kundi hupeleka ujumbe haraka, na kwa taarifa ya kikao cha kesho hakuna njia bora. Kutunza ni kazi tofauti. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Kilolo kwenda Chunya akiingizwa katika kundi la kata yake mpya, kwa kawaida haoni faili zilizotumwa kabla yake. Na aliyepoteza simu huweza kupoteza pamoja nayo maandalio ya miaka kadhaa.

Madhara makubwa zaidi yanaonekana mtaala unapobadilika. Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika katika elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, wakati darasa la pili na la nne wakiendelea na ule wa zamani. Shule moja, pengine mwalimu mmoja, ikawa na mihtasari miwili mkononi. Katika hali hiyo, azimio la kazi, yaani mpango wa ufundishaji wa muhula, linalosambazwa kwa jina la «hisabati jipya», bila tarehe wala jina la aliyeliandaa, ni hatari ya kweli: mwalimu wa darasa la tatu anaweza kupanga muhula mzima kwa mada zilizoondolewa, na wanaolipa gharama ni watoto. Aliyelituma akigundua kosa baada ya wiki mbili, hana namna ya kulirudisha kutoka katika mamia ya simu. Atatuma lililo sahihi, kisha yote mawili yataendelea kuzunguka kata kwa kata, na lenye makosa litafika Tunduma likionekana halali sawasawa na lenzake. Kwenye tovuti, faili lina anwani moja. Likirekebishwa, kila anayefungua kiungo kilekile hupata lililorekebishwa na huona tarehe ya marekebisho. Faida hii peke yake inatosha kuihalalisha kazi yote, nami sijaona kundi lolote la ujumbe linaloweza kuitoa.

Wapo wanaosema kwamba Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yake, na hiyo ni hazina ya kweli. Lakini mbinu ambayo walimu wa Rungwe wameibuni ya kufundisha sehemu za hisabati, kama nusu na robo, kwa kutumia mikungu ya ndizi haitaingia humo yenyewe. Mpango wa TESSA, wa elimu ya walimu katika Afrika kusini mwa Sahara, ulioanza mwaka 2005, umeonyesha kuwa nyenzo za walimu wa Afrika zinaweza kuwekwa mtandaoni, hata kwa Kiswahili, zikiwa na ruhusa ya kuzibadilisha zifae mahali zinapotumika.

Kuhusu gharama ya bando, mengi hutegemea namna ya kuandaa faili. Maandishi yaliyochapwa ni mepesi kuliko picha za kurasa za daftari, ambazo ndizo hujaza makundi leo. Vishikwambi vilivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022 vinaweza kupakua nyenzo za mwezi kituoni, penye mtandao, na kuzisoma shuleni bila intaneti.

Udhaifu ninaouogopa ni wa utunzaji, kwa kuwa tovuti nyingi za miradi huachwa mara fedha za mfadhili zinapokwisha. Kwa hiyo usasishaji uandikwe katika majukumu ya mratibu wa kituo cha walimu, ada ya mwaka ya tovuti iingizwe katika bajeti ya halmashauri, na kila kikao cha jumuiya kitenge dakika zake za mwisho kuandika walichokubaliana, kwa tarehe, darasa na mada, kabla walimu hawajatawanyika.