Kwetu ni Jikaze Kisabuni, Huku Naambiwa Nilegee

Leo asubuhi bibi mmoja wa miaka sabini na kitu amenipiga kofi la bega katikati ya bustani ya Yuexiu, hapa Guangzhou, China. "Fang song!" Legeza. Mwaka wa tatu huu ananiambia neno hilo hilo, na mabega yangu bado yako masikioni kama ya makanga anayening'inia mlangoni Thika Road.

Nilikuja Guangzhou kununua viatu na mikoba, si kucheza tai chi, haya mazoezi ya Kichina ya polepole. Mgongo ndio ulionipeleka kwa hao wazee. Ukibeba marobota miaka kumi, siku yake hufika. Wanacheza mtindo wa miondoko 24, uliotungwa mwaka 1956 ili hata mtu wa kawaida auweze. Dakika kama sita tu, polepole, magoti yamekunjwa kidogo. Jaribu uone. Ya pili haijaisha, mapaja yanawaka moto.

Mimi mtoto wa Nairobi, na sikumbuki siku niliyoambiwa nilegee. Baba alipofariki: jikaze. Kazi ilipoota nyasi: jikaze kisabuni. Mwanamume akivunjika mguu anaambiwa ajikaze kwanza, hospitali baadaye. Kwetu mlegevu ni tusi.

Najua mtakayosema. "Ametafuna tambi miaka miwili mitatu, sasa anataka kutufundisha kupumua." Haya. "Huko mna nafasi." Kweli, Yuexiu haina kiingilio, na msitu wa Karura huko Nairobi lazima ulipe. Lakini bustani ya Jeevanjee katikati ya jiji si bure? Desemba iliyopita nilisimama pale saa moja asubuhi nikaanza. Kabla sijamaliza mwondoko wa tatu, ule wa korongo mweupe kukunjua mabawa, watu kumi na watano wamenizunguka. Mmoja anauliza nauza dawa gani. Mhubiri akaniwekea mkono kichwani, akaanza kukemea. Nilicheka mpaka nikakasirika. Jamani, hizi ni ngumi! Zilianzia kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, kwa watu waliofundishana kupigana. Zimepunguzwa mwendo tu.

Na sijasema huku ni peponi. Kwenye lifti za soko la jumla tunasukumana kuliko stendi ya Machakos, na bibi wangu huyo mwenyewe akikosa nafasi yake chini ya mti, legeza yote inaisha. Isitoshe, jambo hili tunalo. Mtazameni mkimbiaji wetu Kipchoge kule Vienna mwaka 2019, alipomaliza marathoni kwa saa 1:59:40: mwishoni anatabasamu, uso hauna hata kunyanzi. Tunampigia makofi, halafu tunarudi kuambiana jikaze. Mbona?

Aliyenitesa zaidi ni Mama. Aliita kina mama wa kanisa waniombee sebuleni. Nikamweleza utafiti wa Oregon, Marekani, uliotoka mwaka 2012: wagonjwa 195 wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, na waliocheza tai chi mara mbili kwa wiki kwa miezi sita walianguka mara chache kuliko waliojinyoosha tu. Na yeye bafu limeshamwangusha mara mbili.

"Mimi sina hiyo Parkinson," akanijibu, "na anayenishika ni Mungu."

Wiki jana kanipigia simu usiku, sauti chini.

"Ule mwondoko wa mikono ya mawingu, mguu gani unatangulia?"

"Wa kushoto, Mama."

"Sawa. Ongea polepole, Mama Brayo yuko hapo kwa ngazi."